Kushoto Kwanza

"Niliinua kidole," alisema mwendesha winchi.

"Kipi?"

"Gumba la kushoto. Lililokuwa limeshika kitufe."

"Mashine inasema hukuinua."

"Basi iiteni mashine ije ikae kwenye hiki kiti, niende nyumbani."

Mpelelezi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na pale kituoni walimwita Kobe, mbele yake na nyuma yake, kwa sababu hakuwahi kufunga jalada bila kulirudia tangu ukurasa wa kwanza. Mezani palikuwa na jalada hilo na glasi ya maji. Mtuhumiwa hakuwa ameigusa. Kwa jinsi alivyofungwa pingu, kunywa kulihitaji ainamishe kichwa kama ng'ombe, na askari mmoja alikuwa amesimama mlangoni akingoja kuona kama atainama.

"Turudi nyuma," alisema Kobe. "Kreti lilikuwa hewani linashuka. Shemeji yako alikuwa chini yake."

"Hakuwa chini. Alikuwa pembeni, anaweka magogo ya kulilazia. Akateleza, akaingia."

"Ukamwona."

"Nikamwona. Nikaachia gumba. Ndivyo winchi ile ilivyo: unashika kitufe cha kwenye kioo kwa kushoto, unavuta mshale kwa kulia. Ukiachia kitufe, inasimama palepale. Nikaachia. Haikusimama."

"Na mkono wa kulia?"

Mtu yule alitazama glasi.

"Ulikuwa ulipokuwa," alisema.

Kobe aliandika jibu hilo kama lilivyosemwa.

"Asubuhi ile mligombana. Kamera imewaona. Mligombania nini?"

"Mambo ya mtu na shemeji yake."

"Shemeji mwenyewe amekufa. Ofisi ya mashtaka inataka jalada hili leo, kabla haijafungwa. Likienda kama lilivyo, ni kuua kwa kukusudia, na kesi utaisubiri gerezani mpaka mwanao aote ndevu. Mligombania nini?"

"Andika unavyotaka, afande."

"Huwa siandiki ninavyotaka."

"Basi acha wazi."

Askari wa mlangoni aliguna. "Mkono mrefu, ulimi mfupi."

Kobe alisogeza glasi hadi mdomoni mwa mtuhumiwa, akaishikilia mpaka alipomaliza maji, akatoka.

Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa mke wa mtuhumiwa. Alikuwa pia dada wa marehemu, wa tumbo moja, na hayo mawili alikuwa ameshayachagulia upande. Alivaa koti la kazi la kaka yake, limemzidi mabega, na kifuani limeshonwa jina ambalo wenzake wa yadi walimpa: Kamba. Ndiye aliyekuwa akifunga mizigo.

"Amekiri?"

"Bado."

"Mbaneni. Huyo ukimwonea huruma anakugeuza mjinga. Mimi nimeishi naye."

"Maelezo yako yanasema alikuwa akimchukia kaka yako."

"Na yanasema kweli. Mume wangu kazi yake ni ya kulipua, kila siku. Mimi mwenyewe nilimpigia kaka simu, nikamwambia, mnyooshe shemeji yako kabla hawajamfukuza, nina mtoto wa kulisha. Kaka akamnyoosha. Malipo yake umeyaona. Hata kumuaga uso kwa uso tulikatazwa, jeneza lilikuja limepigwa misumari." Alivuta kola ya koti. "Mwambie nguo zake nimezichoma."

"Zote?"

"Nimemwachia suti ya harusi. Ataihitaji mahakamani."

Kobe alisimama pale kwa muda, kalamu mkononi, kana kwamba kuna neno limempita na analitafuta. Kisha akaondoka kwenda yadi.

*

Ofisi ya meneja ilikuwa juu ya yadi, imezungushiwa vioo, ili anayefanya kazi chini ajue anatazamwa. Meneja alikuwa mtu wa kucheka kabla ya utani wake mwenyewe. Kwenye kona alikaa kijana mnene mwenye miwani, fundi aliyeandika programu ya winchi. Wote pale walimwita Miwani. Mapajani alikuwa na kishikwambi, kioo cha kugusa ambacho winchi iliendeshwa nacho.

"Kumbukumbu za mashine nimeshakupa," alisema meneja. "Kitufe kilishikwa mwanzo mpaka mwisho. Unataka nini tena, afande? Sauti ya marehemu?"

"Nataka picha ya asubuhi ile."

Meneja aliiwasha. Picha haikuwa na sauti. Kamba alisimama mbele ya shemeji yake, kati yao kishikwambi kimewekwa kwenye kigingi chake. Kamba akainua gumba la kushoto hadi karibu na pua ya mwenzake. Akalitikisa. Kisha akampiga kibao mkononi. Akarudia: gumba, kibao. Mwendesha winchi akatazama chini. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama wakacheka.

"Unaona hilo gumba?" alisema meneja. "Mimi mtu akinitolea gumba namna hiyo mbele ya watu, hata mimi nitamshushia kreti." Alicheka. "Natania, afande."

"Najua. Kumbukumbu zinaonyesha kidole kilikuwa wapi kwenye kioo?"

Miwani ndiye aliyejibu. "Hapana. Zinaandika kitufe kimeshikwa au hakijashikwa. Basi."

"Na kwa muda wote zimeandika kimeshikwa."

"Mpaka kreti lilipofika chini."

"Kuna uwezekano zimekosea?"

"Mama, nimeijaribu mwenyewe programu ile mezani kwangu kabla sijaileta hapa. Ukiachia inasimama."

"Nionyesheni."

Walishuka. Chini ya winchi walining'iniza kreti lile lile, limeoshwa, ingawa kwenye pembe moja mbao zilikuwa zimenywa kitu ambacho sabuni haikukitoa. Kobe aliagiza pipa tupu la plastiki liwekwe chini yake. Mwendeshaji mwingine wa yadi, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu winchi zikiwa za mnyororo, akashika kitufe kwa gumba la kushoto na kuvuta mshale kwa kidole cha kulia. Kreti likaanza kushuka.

"Mtu ameteleza," alisema Kobe. "Achia gumba."

Mzee akaachia. Kreti lilisimama hewani kama limegongwa.

"Tena."

Likasimama tena.

"Sasa achia mshale peke yake."

Likasimama.

Meneja alifungua mikono. "Afande, turudie mpaka lini? Tangu umefika unachezea kioo kama mtoto aliyepewa simu ya mama yake. Mashine inasimama. Mtu wako hakuachia. Nenda kapeleke jalada, mama wa watu apate haki ya kaka yake."

Kobe alitazama pipa. Halikuwa na hata mkwaruzo. Kama angeandika aliyoyaona, mtuhumiwa alikuwa amemaliza maisha yake ya nje. Alifungua jalada, akasoma tena jibu aliloliandika: *Ulikuwa ulipokuwa.*

"Naomba nione ile picha mara nyingine."

"Loo!" alisema meneja. "Kweli wewe ni kobe."

Walirudi juu ofisini, mzee naye akaja. Safari hii Kobe aliomba isogezwe pole pole. Gumba likainuka. Kibao kikashuka. Akaomba isimamishwe pale pale.

"Amempiga mkono upi?"

Meneja aliinama. "Wa kulia."

"Gumba alilomwonyesha ni la kushoto. Kwa nini ampige wa kulia?"

"Kwa sababu ndio ulikuwa karibu. Mtu mwenye hasira hachagui."

"Amechagua mara mbili." Alimgeukia mzee. "Wewe ulipoachia gumba pale chini, mkono wako wa kulia ulifanya nini?"

Mzee aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya jirani. "Sijui, afande. Niliachia tu."

"Iliinuka yote. Mmoja ulitangulia, wa pili ukafuata kama kivuli chake. Nilidhani umeachia gumba. Uliachia kioo."

"Mbona wote tunafanya hivyo. Mkono mmoja ukiondoka, na mwingine unaondoka."

"Kuna anayeachia kushoto, akabakiza kulia?"

Mzee alimtupia meneja jicho kabla ya kujibu. "Amri ndiyo hiyo. Imebandikwa ukutani. Kushoto kwanza, kulia kubaki mpaka mzigo utulie. Lakini nani anafuata? Unajiona kama mtu aliyesahau mkono mmoja ndani ya gari. Kamba tu ndiye alikuwa anatusumbua nayo, tangu alipopewa usimamizi wa usalama. Kila ukipita: kushoto kwanza, kushoto kwanza. Tukamtungia na wimbo."

"Amri ni ya nani?"

"Yangu," alisema meneja. Sasa hakucheka kwanza. "Watu walikuwa wanatupa mikono yote, mzigo unayumba, bidhaa zinavunjika. Wateja wakalalamika."

"Ilitoka kabla ya programu au baada?"

"Baada. Kwani vipi?"

Kobe alimtazama Miwani. Kijana alikuwa amevua miwani na kuanza kuifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Wewe ulijua kuhusu amri hii?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Mezani kwako, ulipokuwa unajaribu, uliwahi kuachia kushoto na kubakiza kulia?"

Miwani aliendelea kufuta.

"Kioo hiki kinaweza kutuonyesha kidole ambacho kitufe kinakiona?"

"Naweza kukiwekea nukta," alisema kwa sauti ya chini. "Nyekundu. Itakaa pale ambapo kitufe kinaamini kimeshikwa."

"Iwashe."

Walishuka mara ya pili. Kobe alishika kishikwambi mwenyewe. Gumba la kushoto kwenye kitufe: nukta nyekundu ikatokea chini ya ukucha wake. Kidole cha kulia kwenye mshale, upande wa pili wa kioo. Akavuta. Kreti likaanza kushuka juu ya pipa.

"Mtu ameteleza," alijiambia, akaliinua gumba la kushoto juu kabisa, wote waone. Mkono wa kulia aliukaza usitikisike.

Nukta haikuzimika. Iliruka. Ilitoka ukingo wa kushoto, haikupita katikati, ikaonekana imekaa chini ya kidole chake cha kulia. Kreti halikusita. Liligusa pipa, pipa likapinda kiuno, likatoa mlio wa kitu kinachoomba.

"Achia!" alipiga kelele meneja. "Achia, mama, utaharibu winchi!"

"Nimeshaachia," alisema Kobe, gumba bado liko hewani.

Pipa lilipasuka. Kipande kilirushwa kikampiga meneja kwenye goti. Ndipo Kobe alipoondoa mkono wa kulia, na winchi ikasimama, tulivu, haina tena cha kufanya.

Meneja aliinama akasugua goti.

"Nielezee," Kobe alimwambia Miwani, "kama unamwelezea hakimu ambaye hajawahi kushika simu."

Miwani alirudisha miwani usoni. "Vidole vikigusa kioo vinapanga foleni. Kilichotangulia ni wa kwanza, kinachofuata ni wa pili. Lakini kila kidole kina na namba yake pia, haibadiliki mpaka kiondoke. Mshale niliuchukua umeshatengenezwa na watu wengine, wenyewe unakijua kidole chake kwa namba. Kitufe nilikiandika mimi. Mimi nilikitambua kidole kwa nafasi yake kwenye foleni. Nikakiambia kitufe: maadamu kuna wa kwanza, umeshikwa."

"Na wa kwanza akiondoka?"

"Wa pili anasogea. Anakuwa wa kwanza."

"Kwa hiyo gumba liliondoka, kidole cha mshale kikarithi kiti chake, na kitufe hakikuona tofauti."

"Ndiyo."

"Na kama angetupa mikono yote, kama wanavyofanya wavivu wote wa yadi hii?"

"Foleni ingekuwa tupu. Ingesimama."

Meneja alipata sauti. "Umesikia, afande? Kosa la programu. Huyu hapa. Mimi nimeuziwa."

"Programu ilikuwa haijaua mtu mpaka ulipoweka amri!" alisema Miwani. "Ungeniuliza!"

"Nikuulize wewe jinsi ya kuinua kidole?"

"Ndiyo, uniulize!"

"Kamba alikufa akiwa mzima wa akili, akifuata kazi, na wewe umekaa kwenye kiti cha kuzunguka unakula biskuti!"

Waliendelea hivyo mbele ya pipa. Kobe hakuwazuia. Kila mwamba ngozi alivutia kwake, na yeye aliandika kila walichotupiana, kwa kuwa watu hawarudii maneno ya namna hiyo wakishapata mawakili. Kisha alikizima kishikwambi, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga kwa lakiri. Winchi ikafungwa mnyororo.

"Picha pia naichukua," alimwambia meneja. "Ya gumba."

*

Mke wa mtuhumiwa alikuwa bado kwenye benchi.

"Naenda kuzungumza na mumeo," alisema Kobe. "Ni bora ungoje hapa."

"Ningoje nini? Nataka nimwone akikiri. Nataka nimtazame machoni."

"Maelezo yako ni sehemu ya jalada, sitakuzuia. Lakini nakushauri ungoje."

"Nimengoja tangu tulipomzika." Alikuwa ameshasimama.

Mwendesha winchi alipomwona mkewe akiingia na lile koti, alijaribu kuinuka. Pingu zikamrudisha kitini.

"Afande, mtoe nje."

"Aibu imekushika leo?" alisema mkewe. Akavuta kiti, akakaa mkabala naye.

Kobe alifungua jalada. "Winchi haikusimama," alisema. "Nimeijaribu. Uliachia gumba, kama ulivyosema. Kosa ni la programu na la amri. Hilo nimelipata bila wewe." Mwanamke aligeuza uso wake taratibu kumtazama. "Kimebaki kitu kimoja. Ofisi ya mashtaka watauliza sababu ya ugomvi. Nikiacha wazi, watapajaza wenyewe. Watasema ulijua winchi ina kasoro ukaitumia. Kwa hiyo nakuuliza kwa mara ya mwisho: shemeji yako alikuwa anakupigia nini mkono wa kulia?"

"Mtoe nje, nitakuambia."

"Sitoki," alisema mkewe.

"Basi sisemi."

Kobe aligeuza ukurasa. "Nitasema mimi, wewe unisahihishe. Siku zote ulikuwa unaachia mikono yote pamoja."

Mtu yule alikunja vidole vya mkono wa kulia.

"Na siku zote winchi ilikuwa inasimama."

"Ilikuwa inasimama," alisema mtu yule, macho kwenye meza.

"Asubuhi ile akakufundisha. Kushoto kwanza, kulia kubaki. Kila mkono wako wa kulia ulipoinuka, aliupiga. Mpaka ukazoea."

"Nilizoea upesi."

"Na mchana, alipoteleza, ulifanya kama alivyokufundisha."

"Nilifanya vizuri kabisa," alisema. "Mara ya kwanza maishani. Niliachia kushoto, nikabakiza kulia, nikasubiri itulie. Na yeye ananitazama kule chini. Aliona nimefanya vizuri."

Mkewe alicheka kidogo, cheko kavu. "Kwa hiyo kaka yangu amejiua mwenyewe. Ndiyo hadithi mliyonitungia. Eti alijifundishia kifo. Na nani alimwambia amfundi—"

Hakumaliza.

Chumba kilikuwa na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde uliokuwa unakwama kila ukipanda. Ulikwama, ukapita.

"Nilikuambia umtoe," mwendesha winchi alimwambia Kobe.

Kobe alitoa karatasi mbili, akaweka moja mbele ya kila mmoja. Kwa mwanamume alisema: "Hii ni ya ugomvi, kama ulivyoueleza sasa hivi. Tia sahihi." Kwa mwanamke alisema, kwa sauti ile ile: "Na wewe, maelezo yako ya kwanza yanasema alimchukia kaka yako. Haya yanayafuta. Yanasema marehemu alimfundisha mumeo kazi kwa kuwa wewe ulimwomba. Bila hili, ugomvi unabaki ugomvi."

Mwanamke alisoma. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maandishi.

"Lazima hili neno liwepo? *Mnyooshe?*"

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Ungeweza kuandika alimsaidia tu."

"Wataniuliza nimejuaje. Nitasema wewe ulinipa. Wataniuliza ulisemaje."

"Usitie sahihi," alisema mumewe. "Sikiliza. Niache niende huko ninakokwenda. Wewe una mtoto. Kesho na keshokutwa atasoma."

"Nyamaza."

"Nilikuwa nimeshakubali. Ungenichukia mimi, mambo yakaisha."

"Nimesema nyamaza!"

Alichukua kalamu. Mkono wa koti la kaka yake ulikuwa mrefu, ikabidi aukunje ili vidole vitoke. Akatia sahihi. Kobe akamsogezea mwanamume yake, akamfungua pingu ili aweze kuandika. Naye akatia.

Alipomaliza, mikono ya mwendesha winchi ilibaki mezani, wazi, haina pingu na haina kazi. Mkewe aliitazama.

"Ni huu?"

"Huo."

"Wa kulia."

"Ndiyo."

Aliugusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima pasi kama imepata moto.

"Ungeuinua tu," alisema. "Siku zote ulinikaidi mimi, ukamkaidi na yeye. Ungetukaidi na siku ile."

Kobe alipuliza wino wa sahihi mbili, akaziweka karatasi ndani ya jalada kwa mpangilio wake, akalifunga. Ofisi ya mashtaka ilikuwa bado wazi. Alimwambia askari wa mlangoni awaletee maji, glasi mbili, akaondoka.